Mwaka mmoja, picha moja: jinsi Walakota walivyotunza historia yao

Swali: Nasoma historia, mwaka wa pili, hapa Dodoma. Mhadhiri wetu aligusia kwamba Wasioux wa Marekani walichora historia yao kwenye ngozi, picha moja kwa kila mwaka, kisha akapita. Nimebaki na maswali. Picha moja inabebaje mwaka mzima? Walijuaje mwaka upi ni upi bila kalenda? Na mwanahistoria aziamini picha hizo, au azichukulie kama mapambo tu?

Jibu: Ile picha ilikuwa jina la mwaka. Mambo yenyewe yaliyotokea mwaka huo yalikaa kichwani mwa mtunzaji na mdomoni mwa wazee, na picha ilikuwa mahali pa kuanzia kusimulia. Ukilishika hilo, maswali yako yote matatu yanaanza kufunguka.

Na kwako wewe uliye Dodoma jambo hili halipaswi kuwa geni. Wazee wa Ugogo walihesabu umri kwa Mtunya, ile njaa kubwa ya mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza. Mtu akisema alizaliwa wakati wa Mtunya, kila aliyemsikia alijua ni lini, na papo hapo alikumbuka mengi mengine yaliyoambatana na njaa ile. Walakota walifanya hivyo kwa kila mwaka bila kuruka hata mmoja, kisha wakauchora.

Kwanza niweke sawa majina. Wasioux ni jina la jumla walilopewa na wengine. Ndani yake wamo Walakota wa upande wa magharibi, Wadakota wa mashariki, na kati yao Wayankton na Wayanktonai. Hesabu nyingi za picha zilizobaki ni za Walakota na chache za Wayanktonai, watu wa nyanda za mto Missouri katika nchi ambayo leo ni Dakota Kusini, Dakota Kaskazini na majimbo jirani. Wenyewe huziita waniyetu wowapi. Mimi nitaziita hesabu za baridi, kwa sababu mwaka wao ulianza theluji ya kwanza inapodondoka na kuishia theluji ya kwanza ya msimu uliofuata. Kwa hiyo mwaka wao mmoja huangukia ndani ya miaka miwili ya kalenda yetu, na ndiyo maana vitabuni utaona umeandikwa 1833–34 au 1866–67. Usiupuuze mstari huo mdogo kati ya tarakimu mbili. Makosa mengi ya wanafunzi huanzia hapo.

Utaratibu ulikuwa hivi. Kila kundi la jamaa waliohama na kupiga kambi pamoja, wanaloliita tiyospaye, lilikuwa na mtunza hesabu wake. Kwa kawaida alikuwa mwanamume, na kazi aliirithi kwa baba au mjomba. Mwaka ulipokwisha alikaa na wazee, wakajadiliana ni tukio gani litaupa mwaka jina. Hawakutafuta lazima tukio kubwa kuliko yote. Walitafuta tukio lisilofanana na la mwaka mwingine, ambalo kila mtu kambini angelikumbuka. Vita na majirani vilikuwepo karibu kila mwaka, kwa hiyo vita peke yake havikutosha kuwa jina. Lakini mwaka ambao farasi wenye viatu vya chuma walionekana kwa mara ya kwanza, huo ungeuchanganya na upi?

Baada ya makubaliano mtunzaji alichora. Zamani alichora kwenye ngozi ya baisani, yule nyati wa Marekani mwenye manyoya mengi shingoni, kwa rangi za udongo na kipande cha mfupa chenye vitundu kilichonyonya rangi kama brashi. (Kulainisha ngozi ilikuwa kazi ya wanawake, nao walikuwa na uchoraji wao wa maumbo ya pembe na mistari. Picha za watu na matukio zilikuwa za wanaume.) Ngozi ilipochakaa, hesabu ilinakiliwa kwenye ngozi mpya. Baisani walipomalizwa kwa bunduki kufikia miaka ya 1880, hesabu zikahamia kwenye kitambaa cha pamba cha aina ya merikani na kwenye madaftari ya karatasi. Kuna zilizopangwa kwa mzunguko unaoanzia katikati na kupanuka nje kama konokono, nyingine zinakwenda na kurudi kama jembe shambani, na nyingine ziko kwa safu za kawaida.

Hesabu iliyochapishwa mara nyingi kuliko zote ni ya Lone Dog, Myanktonai, nayo inaanzia baridi ya 1800–01 hadi 1870–71. Ilifika mikononi mwa Garrick Mallery, ofisa wa jeshi la Marekani aliyekuwa Dakota mwaka 1876, ikiwa nakala iliyochorwa kwenye kitambaa, naye akaichapisha mwaka 1877. Aliipa kichwa cha habari kinachodai ni kalenda ya taifa zima la Dakota, jambo ambalo halikuwa kweli. Hesabu nyingine zilipoanza kumfikia, kila moja na miaka yake na uteuzi wake wa matukio, ikadhihirika kwamba kila kundi lilikuwa na yake. Hata hivyo tumshukuru kwa jambo moja: aliwauliza Wadakota wenyewe kila picha ina maana gani, akaandika majibu. Bila majibu yale leo tungekuwa tunabahatisha.

Tuisome kidogo. Katikati kabisa kuna mistari mifupi myeusi 30, imepangwa kwa safu 3. Hao ni Wadakota 30 waliouawa na Wacrow, kabila jirani na adui yao, na mstari mweusi ni mfu. Picha ya pili ni mtu mwenye madoa mekundu kichwani na mwilini, yaani ndui. Ya tatu ni kiatu cha farasi, baridi ya 1802–03, walipoiba farasi waliovikwa chuma kwato zao. Endelea mbele: 1813–14 ni mtu ambaye mistari inamtoka mdomoni, nayo ni kifaduro. Mwaka wa 1817–18 ni mti mkavu kando ya nyumba, kwa sababu mfanyabiashara Mkanada aliyeitwa La Framboise alijenga duka kwa magogo makavu. Mwaka wa 1825–26 ni vichwa vya watu vimejitokeza juu ya mstari: Missouri ulifurika ghafla ukiwa umejaa mabonge ya barafu, maji yakaingia kambini, watu wengi wakafa. Kwangu mimi hiyo ndiyo picha kali kuliko zote kwenye hesabu ile. Ni mstari mmoja na viduara vichache tu.

Utaona kuna kanuni za uchoraji. Kofia ni Mzungu. Suke la hindi linamtambulisha Mwarikara, kwa kuwa Waarikara walikuwa wakulima. Nywele zilizosimamishwa juu ya paji la uso ni za Mcrow. Kiko ni amani au mapatano. Watu wawili wanaopeana mikono, mmoja amevaa sare, katika baridi ya 1855–56, ni Jenerali Harney akifanya mapatano huko Fort Pierre. Aliyezijua kanuni hizi angeweza kukisia nusu ya maana akiwa peke yake. Nusu nyingine, yaani ni nani, wapi, na kwa nini, ilibidi aipate kwa mtunzaji.

Sasa swali lako la tarehe. Mtoto wa Kilakota alijua umri wake kwa kujua jina la mwaka aliozaliwa, kisha kuhesabu picha kuja mbele. Kwao hilo lilitosha, hawakuhitaji zaidi. Sisi tunaotaka kuoanisha picha na kalenda yetu tunahitaji kigingi cha kufungia kamba, na kigingi hicho kimetoka mbinguni. Usiku wa tarehe 12 kuamkia 13 Novemba 1833 vimondo vilinyesha juu ya Amerika Kaskazini kwa maelfu. Karibu kila hesabu ya baridi inayofikia mwaka huo inao: nyota zinaanguka. Makundi yaliyokuwa mbali mbali, bila kushauriana, yaliupa mwaka jina lile lile. Ukishaipata picha hiyo kwenye hesabu yoyote, unahesabu kwenda nyuma na kuja mbele, na miaka yote inakaa mahali pake. Kigingi cha pili ni kupatwa kwa jua kwa tarehe 7 Agosti 1869, ambako kwenye hesabu ya Lone Dog kumechorwa kama jua jeusi lenye nyota nyekundu kando yake. Ukitoka kigingi cha kwanza hadi cha pili na idadi ya picha ikalingana na idadi ya miaka, unajua mtunzaji hakuruka. Tofauti ya mwaka mmoja huku na huku ni ya kawaida, kutokana na mwaka wao kuanza na theluji.

Je, tuziamini? Mimi naziamini, lakini kwa kile zinachodai. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wengi hujikwaa.

Chukua hesabu mbili za Waoglala, tawi mojawapo la Walakota: ya American Horse inayoanza 1775 na ya Cloud Shield inayoanza 1777. Zote mbili zilikusanywa na daktari wa jeshi, William Corbusier, mwaka 1879 na 1880. Katika baridi ya 1866–67 zinataja wazungu 100 waliouawa Fort Phil Kearny. Ni kweli tukio lilitokea: tarehe 21 Desemba 1866 Kapteni Fetterman na watu wake waliuawa wote karibu na ngome ile. Lakini kumbukumbu za jeshi zinasema walikuwa 81. Je, Walakota walikosea? Kama unatafuta orodha ya marehemu, ndiyo. Kama unatafuta jina la mwaka ambalo hakuna atakayelisahau, mia ni jina zuri kuliko themanini na moja.

Halafu njoo 1876–77. Kila mtu aliyewahi kusikia neno Sioux amesikia habari za vita vya Little Bighorn, tarehe 25 Juni 1876, Custer, ofisa wa jeshi la Marekani, alipouawa pamoja na kikosi alichokiongoza. Utategemea picha ya Custer kwenye kila ngozi. Cloud Shield anasema mwaka huo Jenerali Crook, waliyemwita Nyota Tatu, aliwachukua vijana wa Red Cloud, chifu wa Waoglala, wakamsaidie kupigana na Wacheyenne. American Horse naye anataja Wadakota kumsaidia Jenerali Mackenzie kuwapiga Wacheyenne. Custer hayumo. Sababu haifichiki ukikumbuka hesabu ni ya nani. Watunzaji hawa wawili walikuwa wa makundi yaliyokaa karibu na vituo vya serikali, na kwao jambo la mwaka ule, la uchungu na la aibu kidogo pia, lilikuwa vijana wao kuvalishwa uskauti, yaani upelelezi wa jeshi, dhidi ya marafiki zao wa jana. Hesabu ya baridi ni historia ya kambi moja. Anayeitaka iwe historia ya Marekani anaidai deni ambalo haikukopa.

Zipo pia za kusoma kwa tahadhari kubwa. Battiste Good, Msicangu (tawi jingine la Walakota) wa Rosebud ambaye jina lake la Kilakota lina maana ya Kofia ya Kahawia, alimnakilia Corbusier hesabu yake mwaka 1880. Inaanzia mwaka 901, na Mwanamke wa Ndama Mweupe wa Baisani akiwaletea watu kiko kitakatifu. Kuanzia hapo inakwenda kwa mizunguko ya miaka 70, na ni tangu 1700 tu ndipo inapokuwa mwaka kwa mwaka. Alijua tarakimu za kizungu na aliziingiza mwenyewe. Sehemu ya mwanzo isome kama simulizi takatifu la asili ya watu wake, na ina thamani kwa namna hiyo. Kuanzia karne ya 18, na hasa kadiri unavyosogea kwenye maisha ya watu aliowajua, inalinganishika na hesabu nyingine.

Mahali ambapo hesabu hizi hazina mpinzani ni magonjwa. Ndui, surua na kifaduro vinajirudia kwenye ngozi moja baada ya nyingine, na mara nyingi vinatajwa miaka ambayo hakuna Mzungu yeyote aliyekuwepo kuandika. Watafiti waliozipanga hesabu nyingi pamoja wameweza kufuata njia ya maradhi kutoka kambi hadi kambi. Hapo ngozi inatoa ushahidi ambao hakuna nyaraka ya serikali ingeweza kuutoa.

Umesoma “picha kwenye ngozi” na ukadhani ni aina moja. Kulikuwa na ya pili, na kuzichanganya ni kosa la kawaida. Mpiganaji alichora matendo yake mwenyewe kwenye joho la ngozi au juu ya hema lake: alimgusa adui nani kwa fimbo (kwao hicho kilikuwa kitendo cha ushujaa), aliteka farasi wangapi, alijeruhiwa wapi. Nyayo za farasi zenye umbo la mwezi mchanga zinaonyesha alikotoka, na kwa kawaida mbio zinakwenda kutoka kulia kuelekea kushoto. Hii haikuwa kazi ya baraza. Ilikuwa ushahidi wa mtu mmoja, lakini alichora mbele ya watu waliokuwepo vitani. Aliyejiongezea farasi angeumbuliwa siku hiyo hiyo.

Little Bighorn utaikuta huko. Mwaka 1881, katika kituo cha Cheyenne River, Red Horse, Mlakota wa tawi la Minneconjou aliyepigana siku ile, alimchorea daktari wa jeshi Charles McChesney michoro 42 kwa rangi kwenye karatasi kubwa. Mahema ya kambi, askari wakija kwa mistari, mapigano, wafu wa pande zote mbili, farasi waliolala chini, kisha watu wakiondoka zao. Kurasa zilizojaa farasi waliokufa na askari waliovuliwa nguo zinachosha kuzitazama, na nadhani alitaka zichoshe. Michoro hiyo iko Smithsonian, taasisi ya makumbusho ya taifa ya Marekani, Washington.

Aliyeziunganisha aina zote mbili ni Amos Bad Heart Bull, Muoglala wa Pine Ridge. Baba yake alikuwa mtunza historia wa kundi lao. Ami zake, He Dog na Short Bull, walipigana na Custer, ila Amos mwenyewe alikuwa mtoto. Karibu mwaka 1890 alinunua daftari la hesabu, lile la wafanyabiashara, kwa muuza duka wa Crawford, Nebraska. Hadi alipofariki mwaka 1913 alikuwa amelijaza michoro zaidi ya 400: vita, sherehe, uchaguzi wa viongozi, kuuawa kwa Crazy Horse, mpiganaji wao mashuhuri, hadi gwaride za Julai Nne, sikukuu ya uhuru wa Marekani, kwenye rizavu, yaani eneo walilotengewa na serikali. Alijifunza kuandika Kilakota kwa herufi za Kilatini, akaweka maelezo kando ya picha. Alifanya pia jambo ambalo sijaliona kwa wengine wa wakati wake: anachora pambano zima kutoka juu, kisha kando anakuza kipande kimoja ili uone uso wa mtu. Daftari lilibaki kwa dada yake. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nebraska, Helen Blish, alipewa ruhusa kulichunguza, na mwaka 1927 kurasa zake zikapigwa picha. Dada alipofariki mwaka 1947 alizikwa nalo, kama ilivyokuwa desturi ya kumzika mtu na kitu alichokithamini. Tunachosoma leo ni zile picha za kamera. Wapo wanahistoria wanaolilia daftari lile. Mimi naona familia ilikuwa na haki yake.

Hukuuliza kama haya ni maandishi, lakini mhadhiri wako atauliza. Jibu langu ni kwamba yanakaribia sana kuwa maandishi pale panapohusika majina ya watu. Juu ya kichwa cha mtu huchorwa jina lake na kuunganishwa naye kwa mstari: Sitting Bull ni fahali wa baisani aliyeketi. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 orodha ya chifu Big Road iliwasilishwa kwa njia hiyo, wakuu wa kaya 84, kila mmoja na jina lake la picha, na ofisa angeweza kuita majina mmoja mmoja kama rejista ya shule. Sentensi nzima haiandikiki hivyo. Shule na wamisionari walipoleta herufi, watunzaji wengi waliacha kuchora wakaandika jina la mwaka kwa maneno, na hesabu kadhaa za mwanzoni mwa karne ya 20 hazina picha hata moja. Hesabu iliendelea. Kuuawa kwa watu wa Big Foot huko Wounded Knee, Desemba 1890, kumo kwenye nyingi zilizofika mwaka huo.

Kwa kazi yako ya chuo, usichukue hesabu moja ukaitafsiri mwanzo hadi mwisho. Smithsonian wameweka kadhaa mtandaoni, picha na maelezo ya watunzaji. Chagua miaka 10, kwa mfano kuanzia 1830, uwaweke Lone Dog, American Horse, Cloud Shield na Battiste Good kwenye safu nne, halafu uandike kila mmoja aliuitaje mwaka. Mwaka wa nyota watakubaliana. Mingine watatofautiana, na kwa kila tofauti jiulize kambi ya huyu ilikuwa wapi baridi ile na iliishi karibu na nani. Soma maelezo ya mtunzaji kabla ya maelezo ya Mallery, kwa sababu Mallery hupenda kufafanua pale ambapo mtunzaji ameridhika kunyamaza.